Luteni Kanali Abu Taher na swali la jeshi ni la nani

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Novemba 1975, askari wa vyeo vya chini katika kambi kuu ya jeshi mjini Dhaka walichukua silaha, wakafyatua risasi hewani, kisha wakamtoa kizuizini mkuu wao wa jeshi, Meja Jenerali Ziaur Rahman. Mtu aliyeupanga uasi huo hakuwa tena mwanajeshi. Alikuwa amejiuzulu miaka mitatu kabla, na alitembea kwa mguu wa bandia kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikatika vitani. Kabla ya mwaka kwisha tangu usiku ule, yule jenerali alikuwa ndiye mwenye nguvu kuliko wote nchini Bangladesh, na aliyemtoa kizuizini alikuwa ameshanyongwa katika Gereza Kuu la Dhaka.

Mtu huyo ni Luteni Kanali Abu Taher. Nimesoma habari zake kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba maisha yake yote ya utu uzima yalizunguka swali moja, nalo ni jeshi ni la nani. Wengi wanaoandika kumhusu hukimbilia usiku wa Novemba na asubuhi ya kunyongwa kwake. Mimi naona kwamba mambo hayo mawili hayaeleweki bila kujua alikotoka na alichokuwa akikitafuta tangu akiwa kijana.

Kwa Wabengali, swali la jeshi lilikuwa na historia chungu. Waingereza, baada ya uasi mkubwa wa 1857 nchini India, walijenga nadharia ya kwamba yako makabila yaliyozaliwa kwa ajili ya vita na mengine yasiyofaa kabisa kushika bunduki. Wapunjabi, Wapathani, Wagurkha na Masingasinga waliwekwa katika kundi la kwanza. Wabengali wakatangazwa kuwa watu wa vitabu na maneno. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawatashangaa, maana nadharia hiyo hiyo ndiyo iliyowaongoza Waingereza walipokuwa wakichagua makabila ya kuandikisha katika King's African Rifles. Pakistan ilipozaliwa mwaka 1947 ililirithi jeshi lile pamoja na dharau zake. Wabengali wa Pakistan ya Mashariki walikuwa zaidi ya nusu ya wananchi wote wa nchi hiyo mpya, lakini miongoni mwa maafisa wa jeshi walikuwa wachache mno, na amri zote kubwa zilitoka upande wa magharibi, maili elfu moja kutoka kwao.

Hata hivyo Taher hakuwa Mbengali wa kwanza kuvua sare na kuingia katika siasa za wakulima na wafanyakazi. Kazi Nazrul Islam, mshairi ambaye Bangladesh inamtambua kuwa mshairi wake wa taifa, alijiunga na kikosi cha Wabengali mwaka 1917, akakaa kambini Karachi hadi kikosi kilipovunjwa mwaka 1920, kisha akarudi Kolkata, akaanzisha magazeti yaliyowashambulia wakoloni na kuwatetea wakulima, na akafungwa gerezani kwa ajili ya maandishi yake. Nazrul alifariki Dhaka tarehe 29 Agosti 1976, wiki chache tu baada ya Taher kunyongwa katika mji huo huo.

Taher alizaliwa tarehe 14 Novemba 1938 huko Badarpur, Assam, ambako baba yake alikuwa mkuu wa stesheni ya reli. Asili ya familia ilikuwa kijiji cha Kazla, katika eneo la Netrokona. Ilikuwa familia yenye watoto wengi, na mama yao, Ashrafunnessa, anakumbukwa kama mwanamke mwenye msimamo ambaye hakulea watoto wa kuogopa. Taher alisoma chuoni Sylhet, akafundisha shule kwa muda mfupi, kisha mwaka 1960 akajiunga na jeshi la Pakistan. Mwaka 1962 alipewa kamisheni katika Kikosi cha Baloch. Ndugu zake wameeleza kwamba aliingia jeshini akiwa na lengo tangu mwanzo: aliamini kwamba siku moja Bengali ya Mashariki italazimika kupigana ili iwe huru, na kwamba ufundi wa vita hauwezi kujifunzwa mahali pengine isipokuwa ndani ya jeshi lenyewe.

Na kweli aliujifunza. Alipigana katika vita vya mwaka 1965 kati ya Pakistan na India, akachaguliwa kuingia katika makomando, na akapelekwa Marekani kwa mafunzo ya vikosi maalumu katika kambi za Fort Benning na Fort Bragg. Hapa ndipo ninapoona jambo la kutafakari. Mafunzo yale yalitolewa kwa maafisa wa nchi rafiki za Marekani ili wajue namna ya kuwazima wapiganaji wa msituni, wakati ambapo vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto. Taher aliyasoma yale masomo kutoka upande wa pili. Alisoma namna wakulima wasio na silaha za kutosha wanavyoweza kulisumbua jeshi kubwa, na aliporudi nyumbani likizoni, mwaka 1969, wakati Pakistan ya Mashariki ikitikiswa na maandamano dhidi ya Ayub Khan, mtawala wa kijeshi wa Pakistan, aliwapa mafunzo ya siri vijana wa mrengo wa kushoto mjini Dhaka. Afisa wa makomando wa Pakistan alikuwa akiwafundisha raia namna ya kupigana na jeshi lake mwenyewe. Angegunduliwa, angepigwa risasi.

Machi 1971, jeshi la Pakistan lilipoanza mauaji katika Pakistan ya Mashariki, Taher alikuwa upande wa magharibi, mbali na nyumbani, akiangaliwa kwa jicho la shaka kama maafisa wengine Wabengali. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, yaani kuvuka mpaka kuingia India kwa miguu. Mwezi Julai alivuka kwa siri karibu na Sialkot, akiwa na Meja Abul Manzur, Meja Ziauddin na Kapteni Patwary. Manzur alivuka pamoja na mkewe na watoto wao wadogo. Ninaomba msomaji alishike jina la Manzur, kwa maana litarudi.

Wapiganaji wa ukombozi walikuwa wameigawa nchi katika sekta kumi na moja, na Taher akakabidhiwa sekta ya 11, iliyokuwa ikitazama maeneo ya Mymensingh na Tangail, makao yake yakiwa Mahendraganj upande wa India. Wapiganaji wake wengi hawakuwa wanajeshi. Walikuwa wana wa wakulima na wanafunzi ambao miezi michache kabla hawakuwahi kushika bunduki. Ndugu zake kadhaa wa kiume, na hata dada yake, walikuwa pamoja naye katika sekta hiyo, na baadhi yao walitunukiwa nishani za ushujaa baada ya vita. Taher alishikilia wazo ambalo wakubwa wenzake hawakulipenda sana. Yeye hakutaka vita viendeshwe kutoka ng'ambo ya mpaka kwa kusubiri msaada wa India na kuunda vikosi vya kawaida vyenye sare na gwaride. Alitaka wapiganaji waishi ndani ya nchi, kati ya wanavijiji, wakila wanachokula wanavijiji hao na kulima wanacholima, ili vita vyenyewe viwe shule ya siasa.

Kilichokuwa kikiwazuia kuelekea Dhaka ni ngome ya Kamalpur, kambi ya Wapakistani iliyozungushiwa mahandaki na mabomu ya ardhini. Mashambulizi mengi yalifanywa hapo na damu nyingi ilimwagika. Tarehe 14 Novemba 1971, siku aliyotimiza miaka 33, Taher alikuwa mstari wa mbele akiongoza shambulio wakati kombora lilipomwangukia karibu na kuukata mguu wake wa kushoto. Alichukuliwa hadi hospitali nchini India, na huko ndiko alikokuwa tarehe 16 Desemba, siku Wapakistani waliposalimu amri mjini Dhaka na Pakistan ya Mashariki ikawa nchi huru ya Bangladesh. Alipewa Bir Uttom, ambayo ni nishani ya juu kabisa ya ushujaa ambayo mpiganaji aliye hai angeweza kupewa kwa vita vile.

Aliporudi Bangladesh mwaka 1972 alipewa kwanza kazi katika makao makuu ya jeshi, kisha akakabidhiwa brigedi ya Comilla. Miezi aliyokaa Comilla haizungumzwi sana, nami naiona kuwa sehemu muhimu kuliko zote, kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo wazo lake lilionekana kwa macho. Aliwaambia askari wake kwamba nchi iliyoharibiwa na vita, yenye mamilioni ya wakimbizi wanaorejea katika nyumba zilizochomwa, haiwezi kulisha jeshi linalokaa kambini likipiga saluti. Wakashika majembe. Walilima, wakapanda mananasi, wakawasaidia wanavijiji mashambani na katika ujenzi, na maafisa wakatakiwa kufanya kazi bega kwa bega na askari wa kawaida. Alikiita alichokitaka jeshi la uzalishaji, jeshi ambalo halitakuwa mzigo kwa mkulima bali litaongeza kitu katika ghala lake.

Serikali ya Sheikh Mujibur Rahman, kiongozi wa taifa hilo jipya, haikulikubali wazo hilo. Jeshi lilijengwa upya kwa muundo ule ule wa Pakistan, nao ulikuwa muundo wa Uingereza, na afisa akaendelea kuwa na askari wa kumfulia nguo na kumpigia viatu rangi. Wakati huo huo serikali iliunda kikosi kingine, Rakkhi Bahini, ambacho kilikuja kuogopwa na wapinzani wake. Septemba 1972 Taher aliandika barua ya kujiuzulu, akieleza kwamba anarudi kwa wananchi waliokuwa pamoja naye wakati wa vita. Ziauddin, mmoja wa wale waliovuka naye mpaka, alikuwa naye amekwisha kuikosoa serikali hadharani, na akaondolewa jeshini.

Tarehe 31 Oktoba 1972 chama kipya cha kisoshalisti, Jatiya Samajtantrik Dal, kilitangazwa. Mwenyekiti wake alikuwa Meja M. A. Jalil, naye pia kamanda wa sekta katika vita vya ukombozi, na katibu wake A. S. M. Abdur Rab, kiongozi maarufu wa wanafunzi. Taher aliingia katika uongozi bila kujitangaza, huku kwa macho ya watu akiwa mkurugenzi wa idara ya serikali ya kuchimba mito huko Narayanganj. Ni kazi aliyoipenda, kwa kuwa aliamini kwamba nchi ya mito kama Bangladesh haitatoka katika umaskini mpaka iweze kuyatawala mafuriko. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Mwaka 1974 njaa iliua watu wengi sana. Mwezi Machi mwaka huo maandamano ya chama kuelekea nyumba ya waziri wa mambo ya ndani yalipigwa risasi, na viongozi wakafungwa. Mapema mwaka 1975 vyama vyote vilifutwa ikabaki serikali ya chama kimoja. Chama cha Taher kikaunda jeshi lake la siri, na ndani ya kambi za serikali kikajenga mtandao wa askari wa kawaida, Biplobi Sainik Sangstha, yaani umoja wa askari wa mapinduzi. Sitaficha kwamba njia hiyo ilileta umwagaji damu kutoka pande zote mbili. Vijana wengi waliuawa na Rakkhi Bahini, na wafuasi wa chama nao waliua.

Tarehe 15 Agosti 1975 maafisa wachache wa jeshi walimuua Sheikh Mujib pamoja na watu wengi wa familia yake. Tarehe 3 Novemba Brigedia Khaled Mosharraf, shujaa mwingine wa vita vya 1971, aliwapindua wale waliompindua Mujib na kumweka Ziaur Rahman kizuizini nyumbani kwake. Zia akafaulu kumpigia simu Taher na kuomba msaada. Walifahamiana tangu vitani, na Taher alimwona kuwa afisa mwenye sifa safi ambaye askari wanampenda. Akaamua kumtumia kuwa mlango wa mapinduzi.

Mtandao wa askari ukatayarisha madai kumi na mawili. Ukiyasoma leo unaiona Comilla ndani yake: wafungwa wa kisiasa waachiliwe, tofauti kati ya afisa na askari iondolewe, maafisa watoke miongoni mwa askari, utumwa wa askari kuwafanyia maafisa kazi za nyumbani ukomeshwe, mali iliyoibwa na wala rushwa irudishwe. Yalieleza wazi kwamba lengo si kubadilisha kiongozi mmoja na kumweka mwingine, bali kulifanya jeshi liwatumikie maskini. Usiku ule askari waliimba kwamba askari na askari ni ndugu, wakapanda vifaru na malori, na asubuhi raia wa Dhaka wakajaa barabarani wakishangilia pamoja nao.

Lakini mambo yalikwenda kombo tangu saa za kwanza. Askari waliomtoa Zia hawakumleta kwa Taher kama ilivyopangwa, bali walimpeleka katika kikosi cha mizinga kilichokuwa ndani ya kambi. Taher ndiye aliyelazimika kumfuata huko. Zia alimkumbatia na kumshukuru kwa kumwokoa maisha, lakini alikataa kutoka kambini kwenda kuhutubia umati mjini, na tangu hapo nguvu ikawa mikononi mwake na mwa maafisa waliomzunguka. Khaled Mosharraf, Kanali Najmul Huda na Luteni Kanali A. T. M. Haider waliuawa asubuhi hiyo, na maafisa wengine kadhaa waliuawa katika siku zilizofuata, huku hasira za askari zikiwa hazina tena wa kuziongoza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mtu aliyewaamini sana askari wa kawaida aliona ulazima wa kumweka jenerali mbele yao. Jibu ninaloliona ni kwamba chama chake hakikuwa na nguvu ya kutosha mitaani, viongozi wake wakubwa walikuwa gerezani, na saa zilizokuwepo zilikuwa chache. Hata hivyo hesabu ile ilikuwa mbaya. Zia hakuwa ameahidi kitu ambacho asingeweza kukikana, na askari walipomaliza kumbeba begani hawakuwa na chombo chochote cha kumdai. Taher aliyeeleza kwa miaka mingi kwamba muundo wa jeshi ni wenye nguvu kuliko nia ya afisa mmoja mmoja, siku ile aliweka matumaini yake katika nia ya afisa mmoja.

Zia aliwaachilia viongozi wa chama, lakini wiki chache tu baadaye, tarehe 23 Novemba, wakakamatwa upya. Siku iliyofuata akakamatwa Taher mwenyewe. Tarehe 26 Novemba kundi la vijana wa chama, wakiwemo ndugu zake, lilijaribu kumteka balozi wa India, Samar Sen, na mdogo wake Bahar akauawa katika jaribio hilo.

Kesi ilianza tarehe 21 Juni 1976, na haikufanyika mahakamani bali ndani ya gereza, mbele ya mahakama maalumu ya kijeshi iliyoongozwa na Kanali Yusuf Haider, afisa ambaye hakushiriki vita vya ukombozi. Washtakiwa walikuwa zaidi ya thelathini. Mawakili waliapishwa wasiseme chochote nje. Mwandishi wa habari Mmarekani Lawrence Lifschultz, aliyejaribu kuifuatilia, alifukuzwa nchini. Ni kwa kazi yake ya miaka iliyofuata ndipo ulimwengu ulipopata kusoma utetezi wa Taher. Katika utetezi huo hakukana alichokifanya tarehe 7 Novemba. Aliuliza tu ni kosa gani kwa mtu kumtoa kizuizini mkuu wa jeshi ambaye sasa ndiye anayemshtaki.

Hukumu ilisomwa tarehe 17 Julai. Jalil na Abu Yusuf, kaka yake Taher, walihukumiwa kifungo cha maisha, wengine miaka mbalimbali, na Taher kifo. Alikataa kuomba msamaha. Kwa simulizi za wafungwa wenzake, alfajiri ya tarehe 21 Julai aliamka, akanyoa ndevu, akaoga, akavaa mguu wake wa bandia bila kukubali kusaidiwa, akakata embe na kula pamoja na waliokuwepo, akanywa chai, na mbele ya kitanzi akasoma shairi lililotungwa gerezani na mshtakiwa mwenzake. Alikuwa na umri wa miaka 37, na aliacha mke, Lutfa, na watoto watatu. Alizikwa Kazla chini ya ulinzi wa askari. Sheria iliyotumika kumshtaki haikuwa na adhabu ya kifo kwa kosa alilotajiwa. Ilirekebishwa siku kumi baada ya kunyongwa kwake.

Zia akawa rais, akauawa Chittagong tarehe 30 Mei 1981 katika uasi wa kijeshi. Aliyeshutumiwa kuuongoza ni Meja Jenerali Manzur, yule aliyevuka mpaka na Taher miaka kumi kabla, na yeye pia aliuawa siku chache baadaye akiwa mikononi mwa jeshi, bila kufikishwa mahakamani.

Familia ya Taher haikunyamaza. Kwa miaka mingi katiba iliyolinda matendo ya utawala wa kijeshi iliwafungia mlango, na kinga hiyo ilipoondolewa na Mahakama Kuu, mdogo wake Anwar Hossain, profesa wa Chuo Kikuu cha Dhaka ambaye naye alikuwa amefungwa katika kesi ile ile, alikwenda mahakamani mwaka 2010 pamoja na Lutfa na mke wa Abu Yusuf. Lifschultz alirudi Dhaka kutoa ushahidi. Tarehe 22 Machi 2011 majaji walitangaza kwamba kesi ya 1976 haikuwa halali tangu mwanzo, kwamba kunyongwa kwa Taher kulikuwa mauaji ya makusudi, na kwamba yeye na wenzake wahesabiwe kuwa wazalendo.

Nilifurahi niliposoma hukumu hiyo, na bado naiona kuwa ya haki. Lakini hukumu ile ilisafisha jina la mtu. Haikumaliza ugomvi juu ya siku yenyewe. Chama alichokiunda Zia huiadhimisha 7 Novemba kuwa siku ya mapinduzi na mshikamano wa taifa, wafuasi wa chama cha Taher huiadhimisha kuwa siku ya uasi wa askari na wananchi, na familia za Khaled, Huda na Haider huikumbuka kwa sababu ndiyo siku waliyouliwa wapendwa wao, bila kesi ya aina yoyote, hata ile ya uongo. Maafisa hao watatu nao walikuwa wapiganaji wa 1971. Sisi tunaomheshimu Taher tunapaswa kuwa wa mbele kudai kwamba vifo vyao vichunguzwe kwa uwazi ule ule ambao familia yake iliudai kwa miaka thelathini na mitano.